Kijiti cha Tatu

"Usikaze mkono," Sista Mchome alisema. "Ukikaza kinajificha."

"Sijakaza, shangazi. Vidole vyako ndivyo vya baridi."

"Vidole vyangu! Wewe uliyekuja na sweta mbili mchana wa Januari?"

Nambike alicheka, na mkono ukalegea. Ndicho Sista alichokitaka. Alikuwa amekwisha kupiga ganzi na kuchana ngozi upande wa ndani wa mkono wa kushoto, mchano mfupi kama punje ya mchele, na sasa alikuwa akikisukuma kijiti taratibu kwa kidole gumba mpaka ncha yake nyeupe ikachungulia. Akaikamata kwa koleo, akavuta. Kilitoka chote bila kuvunjika, chembamba kuliko njiti ya kiberiti.

"Cha pili hicho," Nambike alimwambia mdogo wake aliyekaa kwenye benchi karibu na mlango. "Umeona? Hata damu hamna. Ila wewe usitazame sindano. Tazama ukutani, pale penye picha ya mapafu. Mimi mara ya kwanza nilitazama sindano nikajikojolea."

"Dada!"

"Kidogo tu."

Eliwaza hakucheka. Alikuwa ameitazama picha ya mapafu tangu walipoingia, mikono kaikunja kifuani.

Sista aliufunika mchano kwa kitambaa cha dawa bila kuushona. Kijiti kipya hupitia mlango uleule wa kile cha zamani, ila lazima mwili upumzike kwanza mpaka alasiri, damu ijisafishe, ndipo kingine kiingie. Akamwambia Nambike afungue mdomo. Jino la pembeni, la utoto, bado lilikuwa pale. Lilianza kucheza muda mfupi kabla ya kijiti cha kwanza, na tangu hapo, miaka miwili, halikung'oka wala halikukaza. Sista aliligusa. Likaenda mbele, likarudi nyuma.

"Linauma?"

"Haliumi. Tumezoeana."

"Nenda kaote jua. Usikimbie, usibebe ndoo. Nitakuita."

Nambike akateremka kitandani, akampiga mdogo wake kikofi cha kichwani. "Ukutani, nimekwambia." Akatoka.

Juu ya meza palikuwa na boksi la wilaya. Vijiti vyote vya shule vilikuja ndani yake, kila kimoja kwenye tundu lake, kimeandaliwa kwa mwili wa mtoto mmoja. Vilibaki viwili, na vyote viwili vilikuwa vya akina Mchome, watoto wa kaka yake. Kesho asubuhi gari lingepita kulichukua boksi. Kijiti kitakachokutwa bado kwenye tundu lake kitarudi kilikotoka, na mwenye jina lake, kama hakupanda darasa, hatakuwa na nafasi shuleni. Sheria yenyewe ilikuwa fupi: hapandi asiyejua, na harudii asiyengoja.

Sista hakuwa mtu wa kuichukia sheria hiyo. Umri wake ulitosha kukumbuka mambo yaliyokuwako kabla yake. Alisoma na kijana mmoja, Sangiwa, aliyerudishwa darasa la tatu tena na tena mpaka magoti yake yakawa hayaingii chini ya dawati. Akawa anakaa upande, miguu njiani, na watoto wadogo wanairuka wakimwita babu. Siku moja hakuja, na hakuja tena. Na nyuma zaidi, enzi za mama yake, watoto walipandishwa tu, mwaka baada ya mwaka, wakafika darasa la saba hawawezi kuandika majina yao. Waliokitengeneza kijiti walikuwa wamewaona watoto wa aina zote mbili. Kikiwa mkononi, mwili unasimama: mifupa, meno, kimo, vyote vinangoja. Hata umri unaoandikwa shuleni na serikalini unangoja. Mtoto anarudia darasa akiwa sawa na wenzake wapya, na hakuna wa kumwita babu. Mwongozo ulieleza kwamba akili ya anayengoja inaendelea kujifunza, ila haikui. Sista alikuwa ameisoma sentensi hiyo mara nyingi. Hakuwa na hakika kama ameielewa.

"Njoo, Eliwaza," alisema.

Mtoto wa kijiti cha kwanza huvalishwa utepe. Ni kitambaa chenye nyaya ndani, kinafungwa kwenye paji la uso na kuunganishwa na kioo kidogo mezani. Mtoto anasomewa maswali yaleyale aliyoyafeli. Akili ikilifikia jibu, kioo kinawaka buluu. Isipolifikia, kinabaki njano. Utepe hausikilizi mdomo. Kazi yake ni kuonyesha mtoto amekwama wapi, ili mwalimu ajue aanzie wapi.

Sista alisoma: "Gunia la tangawizi linajaza ndoo sita. Wakulima watatu wamegawana magunia manne sawasawa. Kila mmoja amepata ndoo ngapi?"

Kioo kiliwaka buluu kabla hajamaliza.

"Kumi na tatu," Eliwaza alisema.

Sista alikigonga kioo kwa ukucha. Buluu ilibaki. Akahakikisha nyaya, akalegeza utepe, akaukaza upya.

"Nusu ukijumlisha na robo?"

Buluu.

"Mbili ya sita."

Aliendelea mpaka mwisho wa ukurasa, bila haraka, swali moja baada ya jingine. Buluu yote. Na majibu yote ya mdomoni yalikuwa mabaya, lakini hayakuwa mageni. Sista alikuwa ameyasikia kwenye kiti hichohicho, kutoka kwa mtoto mwingine. Sita na tatu na nne, kumi na tatu. Hivyo ndivyo Nambike alivyofanya hesabu: kila namba anayoiona anaijumlisha.

Alikigeuza kioo ili mtoto akione.

"Nani kakufundisha kukosea?"

Eliwaza aliitazama ile buluu.

"Tunafanya mazoezi pamoja kila jioni," alisema. "Nayajua makosa yake yote."

"Kwa nini umefanya hivi, mwanangu?"

"Nikipanda, mwakani nitakuwa na miaka kumi na moja. Dada atakuwa na kumi bado."

"Ndiyo."

"Sasa nani atamwita mwenzake dada?"

Sista aliuweka ukurasa wa maswali mezani.

"Na mama ataitwa nani? Kwenye mizani ya tangawizi wameshaanza kumwita Mama Eliwaza. Wanamtania. Mama anacheka nao, akifika nyumbani hacheki. Na viatu vyangu? Avae dada vikinibana mimi?" Alifuta pua kwa kiganja. "Nimeona tungoje wote. Mpaka aelewe. Akielewa tunapanda pamoja, yeye mbele."

"Na asipoelewa?"

Eliwaza alimtazama shangazi yake kwa mshangao, kana kwamba swali hilo halikuwa la mtu mzima kuuliza.

"Ataelewa. Si anafundishwa?"

Sista alimvua utepe, akaukunja. Alikuwa akimfikiria Sangiwa. Sangiwa alirudia kwa aibu, lakini kila aliporudi alikuwa amekula mwaka mzima na mwaka umemla. Kichwa kilichoshindwa mwaka jana hakikuwa kilekile kilichokaa dawatini mwaka huu. Nambike alirudishwa kwenye kitabu kilekile, kwa mwalimu yuleyule, na kichwa kilekile cha miaka kumi. Labda kulikuwa na kitu ambacho mwaka mmoja tu wa kukua ungekileta. Labda hapakuwa na kitu. Hakuwa daktari, hakutaka kumhukumu mtu kwa labda.

Mwalimu Mbaga, mwalimu wa darasa la nne, alichungulia kuuliza kama kazi imekwisha. Sista alimwonyesha kioo. Mwalimu alikitazama kwa muda, akavua kofia.

"Ukiyatuma majibu haya wilayani leo, Eliwaza anapanda. Hakuna mjadala."

"Na Nambike?"

"Sista, nina watoto sabini mle ndani. Nimemfundisha yule mpaka nimeota nikimfundisha. Kitabu anakijua kwa moyo, anakusomea ukurasa mzima amefumba macho. Badilisha neno moja kwenye swali, amepotea." Alishusha sauti. "Nikimpandisha hivyohivyo, atapotea mbali zaidi, mahali ambapo mimi sipo. Nikimrudisha, ndiyo haya. Niambie wewe la tatu."

Mwalimu alivaa kofia yake, akaenda kufunga madarasa.

Mama yao alifika moja kwa moja kutoka mahali wanapooshea tangawizi, udongo mwekundu mpaka viwikoni, khanga kafunga kiunoni.

"Wifi, umeniita kama mtu aliyefiwa. Nani kaumia?"

"Hakuna aliyeumia. Kaa."

Sista alimweleza, pole pole, hatua kwa hatua, kama alivyozoea kueleza mambo. Mama Nambike alisikiliza mdomo wazi. Alipofahamu kwamba Eliwaza alikuwa akiyajua majibu yote, alipiga makofi mara moja, pa, akamvuta mtoto kifuani na udongo wake wote.

"Anajua! Mjinga wewe, unajua!" Alimtikisa, akacheka. Kisha kicheko kikamwishia. Alimwachia mtoto, akamwambia akamsubiri nje, upande wa tangi la maji. Eliwaza akatoka.

"Kaka yangu amesemaje?" Sista aliuliza.

"Kaka yako? Asubuhi nilimwambia leo watoto wetu wote wawili wanawekwa vijiti, njoo uwepo. Akasema shangazi ni baba, atakaloamua dada yangu na mimi nimeamua. Akachukua jembe akaenda kwenye msaragambo, eti kijiji kizima kinazibua mfereji."

"Amenitupia mimi."

"Ametutupia sote. Mfereji wenyewe ulizibuliwa juzi."

Nje mtu alikuwa akiburuta dawati kwenye sakafu.

"Huo utepe," Mama Nambike alisema, "nani mwingine ameuona?"

"Mwalimu Mbaga."

"Atasema?"

"Hatasema. Ameniachia."

"Basi futa."

"Nikifuta, Eliwaza atasimama mwaka mzima bila sababu. Na mwakani atafanya hivihivi."

"Nimesema futa, wifi." Alivishika viganja vyake, akavitazama. "Hapana. Ngoja. Usifute. Nikimzuia huyu nimemwibia. Si ndiyo? Mtoto anajua, mimi mama yake namkalia." Akatikisa kichwa. "Lakini yule nilimzaa kwanza. Tulipoteza wawili kabla yake, wewe unajua, ulinishika mkono. Watu wote wa huku wananiita kwa jina lake. Leo niamke nimwambie, Nambike, mpishe dada yako akae? Nitaitoa wapi sauti hiyo?"

"Ningejua ningekwambia."

"Wewe ndiye mwenye dawa!"

"Mimi ndiye mwenye mkono wa kuiweka. Basi."

Kivuli kilikuwa kimeangukia kizingitini. Nambike alisimama pale, mkono wake wenye kitambaa ameushika kwa mwingine. Hakuna aliyejua ameanza kusikia wapi. Nyuma yake Eliwaza alikuwa akilia bila sauti. Alikuwa amekwisha kumwambia dada yake yote.

"Kumi na tatu," Nambike alisema. Hakumwambia mama wala shangazi, alimgeukia mdogo wake. "Ile ya magunia. Umeandika kumi na tatu?"

"Sikutaka kukupita, dada."

"Mimi ile niliifikiria mpaka kengele. Nilijua kabisa ni kumi na tatu. Nilifurahi! Mimi naikosa kwa jasho, wewe unaikosa kwa kupenda?"

"Dada..."

"Na jioni? Jioni nakaa na wewe nakufundisha. Nakwambia, Eliwaza, usikate tamaa, hata mimi zilinishinda. Nakuchorea na vijiti chini. Unatingisha kichwa, ahaa dada, nimeelewa dada. Nilikuwa nakufundisha!"

Mama yao alinyanyuka, akakaa tena.

"Mpandisheni," Nambike alisema. "Mimi sitaki kijiti."

"Ukikataa kijiti umekataa shule."

"Nitaosha tangawizi na wewe."

"Sikukuzaa uoshe tangawizi."

"Ulinizaa niwe na miaka kumi mpaka lini?"

Mama Nambike aliukwangua udongo wa kiwikoni.

"Dada asipowekwa," Eliwaza alisema kwa haraka, "mimi sipandi. Nitakaa nyumbani. Nitaosha na mimi."

"Nyamaza wewe! Nani kakuuliza?" Alimfokea kama mkubwa anavyomfokea mdogo, kama siku zote nyumbani, na Eliwaza akanyamaza mara moja, akainamisha kichwa. Wote wanne walikiona kilichotokea: dada bado alikuwa dada. Hata Nambike mwenyewe alionekana kukiona, akageuza uso.

Sista Mchome alisogeza kiti karibu na meza.

"Nambike. Kaa hapa. Acha mambo ya kijiti kwanza. Wewe unataka nini?"

Mtoto alifikiri. Alichukua muda mrefu, kama alivyofanya na kila swali.

"Nataka kuelewa," alisema.

Basi Sista alifanya jambo ambalo halikuwa kazi yake. Alimfunga Nambike utepe. Akafungua pakiti ya pamba, akaanza kuviringisha vibonge vidogo, na Mama Nambike, alipoona anachofanya, akanawa mikono, akaja kuviringisha naye. Wakapanga mafungu manne juu ya meza, kila fungu vibonge sita.

"Haya ni magunia. Hivi vibonge ni ndoo. Wakulima ni sisi watatu: mimi, mama, Eliwaza. Tugawie."

Nambike aliyatazama mafungu. Kioo kilikuwa njano. Alianza kugawa, kibonge kimoja kimoja, kimoja kwa shangazi, kimoja kwa mama, kimoja kwa mdogo wake, akirudi mwanzo kila mara. Hakukosea hata mara moja. Alipomaliza alihesabu vya mama yake.

"Nane."

"Na vyangu?"

"Nane. Vyote nane." Aliinua macho. "Ndoo nane kila mmoja?"

Kioo kiliwaka buluu. Kilikuwa buluu hafifu ya kutetemeka, lakini kilikuwa buluu. Mama yake alishika kinywa. Eliwaza alianza kuruka.

"Ngojeni," Sista alisema. Akakusanya vibonge vyote, akapanga mafungu matatu ya vinne. "Sasa. Magunia matatu, kila gunia ndoo nne. Wakulima wawili. Usishike. Niambie tu."

Nambike alitazama. Midomo ilimchezacheza. Buluu ikafifia, ikarudi njano, ikatulia hapo.

"Tisa," alisema.

Yeye mwenyewe alikitazama kioo, akajua.

"Tena," alisema. "Nipe tena, shangazi."

Wakarudia. Alipogusa, alipata. Alipotoa mkono, jibu lilimtoka. Wakabadilisha vibonge kwa vijiti vya mti, kisha kwa vidole vya Eliwaza. Mama yake akajaribu kwa namna yake, akisimulia habari ya shangazi wawili wachoyo na chungu cha makande, na Nambike akacheka sana, na kioo kikabaki njano. Eliwaza alikuwa amebana mikono katikati ya magoti ili asioneshe. Mara mbili, labda tatu, buluu ilipita juu ya kioo na kuondoka kabla mtu hajaisemea. Sista hakuweza kujua kama huo ulikuwa mwanzo wa kitu au ilikuwa ni nyaya tu.

Jua lilihamia upande wa pili wa shule. Saa ya kuweka kijiti ilikuwa imefika na sasa ilikuwa inapita. Nambike alipiga mwayo, akaegemeza shavu mezani kati ya vibonge vya pamba.

"Bado moja," alisema, macho yanafumba. "Nimekaribia."

"Umekaribia," Sista alisema. "Tutaendelea kesho."

"Kesho si gari linakuja?"

"Linakuja asubuhi. Na wewe uje asubuhi. Mapema, kabla yake."

Mama Nambike alimtazama wifi yake usoni, akitafuta humo kama ameamua. Hakuona kitu, kwa sababu hakikuwemo. Sista alimfungua mtoto utepe. Aliinua kitambaa mkononi, akautazama mchano uliokuwa wazi, akausafisha, akaufunga kwa bandeji safi. Hakuushona. Hakuingiza kitu. Kioo bado kilikuwa na majibu ya Eliwaza ndani yake, hayajatumwa, hayajafutwa.

Mlangoni watoto walisimama. Mlango ulikuwa mwembamba, wa mtu mmoja. Nambike alirudi hatua moja ampishe mdogo wake. Eliwaza naye akarudi hatua moja. Walisimama hivyo, kila mmoja anangoja, wanatazamana miguu.

"Tokeni basi," mama yao alisema.

Hakuna aliyetoka. Mwishowe mama aliwashika wote wawili mabegani, akapita nao ubavu kwa ubavu, wakibanana, bandeji ikikwaruza kwenye fremu, na Nambike akasema, "Aa, mama, mkono!" Sauti zao zikateremka kilimani.

Sista Mchome alivikusanya vibonge vya pamba, kisha akabadili nia, akavirudisha mezani kama vilivyokuwa, mafungu matatu ya vinne. Alilifunika boksi na vijiti vyake viwili. Dawa ya zamani ilikuwa imeshatoka mwilini mwa yule mkubwa tangu alasiri, na ya mdogo haijaingia. Kwa hiyo usiku huu mmoja watalala kitanda kimoja na watakua wote wawili. Alizima kioo, akafunga mlango kwa ufunguo.